Toka kwenye kupimiwa: namna ya kupunguza matumizi ya nyumba Dar es Salaam

Mkaa wa kopo, mafuta ya kula ya jero, kipande cha sabuni, bando la siku, umeme wa LUKU wa buku mbili, maji ya dumu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinaendeshwa hivi, kuanzia Mbagala hadi Bunju, na wala si kwa uzembe. Hela inaingia kwa siku, kwa hiyo inatoka kwa siku. Fundi analipwa jioni, mama wa genge anafunga hesabu usiku, kijana wa bodaboda anapeleka hesabu ya bosi kwanza ndipo anabaki na chake. Lakini ukikaa ukapiga hesabu vizuri, utaona kwamba anayenunua kwa kupimiwa analipa zaidi kwa kitu kilekile anachonunua jirani yake kwa mwezi. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu.

Njia ninayoipendekeza ni ya polepole. Chagua kitu kimoja tu, ukitoe kwenye kununuliwa kila siku, ukipeleke kwenye wiki au mwezi. Kile unachookoa usikile. Kitumie kuhamishia kitu cha pili, halafu cha tatu. Ukijaribu kuhamisha vyote mwezi mmoja, katikati ya mwezi utarudi dukani kukopa.

Hatua ya kwanza: andika mwezi mzima

Tafuta daftari dogo, lifunge kalamu kwa uzi, liweke mahali ambapo kila mtu analiona. Aandike kila anayetoa hela: baba, mama, dada wa kazi, hata mtoto aliyetumwa nyanya. Andika kitu, kiasi cha hela na mahali kiliponunuliwa. Nauli ya boda ya kwenda kanisani au msikitini iandikwe, vocha iandikwe, soda ya mgeni iandikwe, na makato ya kutolea hela kwa wakala yaandikwe pia.

Mwezi wa kwanza usimlaumu mtu yeyote kwa alichoandika. Ukianza kugomba, watu wataacha kuandika na utabaki na daftari safi lisilosema ukweli.

Mwezi ukiisha, chukua vitu vinavyojirudia na ujumlishe kila kimoja peke yake. Usijumlishe "chakula" kwa jumla. Jumlisha mafuta peke yake, mkaa peke yake, sukari peke yake. Jero ya kila siku ni 15,000 kwa mwezi na 180,000 kwa mwaka. Wengi wanaposhika namba hiyo kwa mara ya kwanza wanarudia hesabu wakidhani wamekosea.

Kabla ya kubana chochote, tazama madeni

Kama nyumba ina mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila siku au kila wiki, acha mambo mengine yote kwanza. Hakuna bidhaa utakayoinunua kwa jumla ikakuokolea kama riba inavyokula. Kila shilingi ya mwanzo utakayoiokoa ipeleke huko. Mikopo ya simu nayo iingie kwenye daftari na makato yake: kila mara salio la simu linapoongezewa ili muamala wako upite, kuna ada unailipa, na wengi hawaihesabu kwa sababu inakatwa kimyakimya hela nyingine inapoingia. Kaa mbali na programu za mikopo zisizo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni ambazo hazikuwa na kibali. Wapo waliokopa kidogo huko, wakaishia kudhalilishwa kwa ujumbe uliotumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu zao.

Kitu cha kwanza kuhamisha: mafuta ya kula

Napendekeza mafuta kwa sababu tatu. Hayaozi haraka, yanatumika kila siku, na bei yake ya kupimiwa ni rahisi kuipima mwenyewe.

Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kila unapotoka dukani na mafuta ya kupimiwa, yamimine humo kwanza kabla ya kupikia, uweke alama kwa kalamu ya wino. Hesabu vipimo hadi chupa ijae. Tuseme vimeingia vipimo sita vya 500. Maana yake nusu lita umeinunua kwa 3,000, na lita nzima kwa 6,000. Sasa pita duka la jumla uulize bei ya dumu la lita tano, ugawe kwa tano. Tofauti itajionyesha yenyewe, kwa bei za mtaa wako.

Ili upate hela ya dumu la kwanza, kuna njia mbili. Moja ni upatu: zamu yako ikifika, chota kiasi cha kununulia akiba ya vitu viwili vitatu kabla hela haijaingia kwenye mambo mengine. Nyingine ni kuendelea kununua ya kupimiwa huku ukiweka 500 kando kila siku kwa wiki kadhaa. Ni ngumu, lakini ni mara moja tu.

Jambo moja la kuangalia: mafuta yakiwa mengi jikoni, mkono nao unakuwa mwepesi. Mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu liweke mbali. Usipofanya hivi, utanunua kwa bei nafuu na kumaliza upesi, na daftari halitaona faida yoyote. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, sabuni ya unga na majani ya chai.

Nafaka: nendeni sokoni mkiwa wengi

Mchele, maharage na unga ndiyo mzigo wa nyumba. Bei ya dukani kwa mangi imebeba usafiri wake, kodi ya fremu yake na faida yake, na ni haki yake. Lakini ukienda Tandale au Manzese kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi na matunda, Feri kwa samaki asubuhi, au Ilala na Buguruni kwa mboga na viungo, bei ni nyingine. Kinachowashinda watu ni nauli na kubeba. Mtu mmoja akienda Tandale kufuata kilo tano za mchele akarudi na bajaji, amepoteza.

Kwa hiyo tafuta nyumba tatu nne unazoaminiana nazo, mchange, mnunue gunia zima, mgawane kwa mizani. Usafiri mnagawana pia. Mwende wawili, mmoja anayejua mchele na mmoja anayejua kupatana. Ombeni kupimiwa kwa kilo, kwa sababu ndoo na sado zinatofautiana toka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Nyingine zimebonyezwa kitako.

Msimu nao ni wa kuufuata. Mavuno ya mahindi na mpunga katika mikoa mingi yanaanza kuingia kuanzia Mei, kwa hiyo Juni hadi Agosti ndipo bei za nafaka kwa kawaida zinapotulia. Hapo ndipo pa kutumia hela ya upatu kama zamu yako unaweza kuichagua. Joto la Dar linazalisha wadudu haraka, basi anika nafaka juani siku nzima, iache ipoe kabisa, kisha iweke kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko unaobana. Usinunue mahindi au maharage ya miezi sita kama huna chombo cha namna hiyo.

Nyanya, vitunguu na mchicha viache kwenye genge la jirani. Mboga za majani za jumla zinaishia kutupwa, na mama wa genge ndiye anayekukopesha siku ambayo huna kitu.

LUKU: hapa ndipo hela nyingi inapotea bila mtu kujua

Umeme wa nyumbani una bei mbili ambazo kila mtu anapaswa kuzijua. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme na maji, mteja wa kundi la D1, yaani wa matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, zinakuwa 122 na takribani 356. Ndiyo sababu mmoja ananunua umeme wa 9,150 anapata uniti 75, na jirani yake ananunua wa 10,000 anapata 28 tu.

Angalia ujumbe wako wa mwisho wa LUKU. Gawa kiasi kilichoingia kwenye umeme kwa idadi ya uniti. Ikikaribia 356 uko T1, ikikaribia 122 uko D1. Kama uko T1 lakini matumizi yako ya miezi kadhaa mfululizo hayafiki uniti 75, nenda ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, ya eneo lako na namba ya mita, uombe matumizi yako yaangaliwe ili ujue kama unastahili kuhamishwa. Tofauti kwa uniti 75 ni zaidi ya 17,000 kila mwezi. Na kama tayari uko D1, jilinde, kwa sababu kila uniti inayozidi 75 inauzwa 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuzidisha unaweza kuhamishiwa T1.

Je, uniti 75 zinatosha familia? Hesabu yake ni rahisi: wati za kifaa zidisha kwa saa, gawa kwa 1,000. Friji ya kawaida iliyo nzima hula kama uniti moja kwa siku, hiyo ni 30 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa 10 kila usiku ni 18. Televisheni ya wati 80 kwa saa sita kwa siku ni zaidi kidogo ya 14. Taa nne za LED za wati 9, saa tano kila moja, ni 5.4. Pasi ya wati 1,000, nusu saa mara mbili kwa wiki, ni 4. Jumla inakaribia 72. Inawezekana, ila hakuna nafasi ya hita ya kuogea wala ya jagi la umeme linalochemsha maji mara sita kwa siku. Balbu moja ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa hizo tano hula uniti 9, zaidi ya zile LED nne kwa pamoja. Badilisha balbu kabla ya kitu kingine chochote.

Friji iangalie mpira wa mlango. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi. Karatasi ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka. Isogeze mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Nguo za kazi na za shule zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja Jumapili.

Sasa nyumba za wapangaji wengi, ambazo ndizo nyingi Sinza, Tandika, Kigogo na kwingineko. Vyumba sita vikitumia mita moja, uniti 75 zinaisha mapema na nyumba nzima inalipa bei ya juu. Juu ya hapo kuna ugomvi wa nani ana friji na nani ana feni tu. Zungumzeni na mwenye nyumba kwa adabu, mkiwa pamoja. La kwanza kuomba ni mita ya TANESCO kwa kila familia, hata kama gharama ya kuunganisha mtachangia na kukatwa kwenye kodi kidogokidogo. Likishindikana, fundi mwenye leseni awafungie mita ndogo ya kila chumba ili kila mmoja alipie alichotumia. Bei ya uniti haitashuka, lakini mwenye taa mbili ataacha kumlipia mwenye friji.

Kisha kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji unayenunua LUKU unailipa kwa niaba yake, kwa hiyo tunza ujumbe wote unaoonyesha makato, na siku ya kulipa kodi ya pango muonyeshe mkatane. Ni 18,000 kwa mwaka kwa mita moja. Sema kwa upole: "Mzee, naomba tuangalie na hii ya jengo niliyokatwa." Wengi wanakubali wakioneshwa maandishi.

Kupika: mkaa, gesi au umeme

Hesabu ya mkaa ifanye kama ya mafuta. Andika makopo ya mwezi mzima, kisha linganisha na bei ya gunia na siku ambazo gunia lingekaa. Kama bado utapikia mkaa, nunua gunia na uwe na jiko banifu lenye udongo mzima usiopasuka. Lakini ushauri wangu ni kuutoa mkaa nyumbani kadiri uwezo unavyoruhusu. Moshi unawaumiza mama na watoto wanaokaa jikoni, na wakati wa mvua bei yake inapanda ghafla.

Gesi ina gharama kubwa ya kuanzia, kwa sababu unanunua mtungi wenyewe na jiko lake. Baada ya hapo unabadilisha tu. Mtungi wa kilo 6 unamfaa anayeanza, maana ukiisha hela yake inapatikana. Ukiweza, lenga wa kilo 15. Gawa bei kwa kilo, ulinganishe. Mara nyingi mkubwa una nafuu. Kabla ya kuondoka na mtungi, omba upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Jumlisha na kilo za gesi, ndipo upate namba ambayo mizani inapaswa kusoma. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na kama hana, nenda kwa mwingine. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu gesi inavuja, usiwashe. Andika kwenye mtungi tarehe uliyoufungua.

Kinachomaliza gesi ni maharage, makande, nyama ngumu na maji ya kuoga. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, uchemshe ya siku tatu nne kwa mara moja, ugawe kwenye vyombo uweke kwenye friji. Chai chemsha mara moja asubuhi na kuitia kwenye chupa. Funika sufuria.

Jiko la umeme la presha linafaa sana kwa vitu vya kuchemka. Lenye wati 1,000 haliwezi kuzidi uniti moja kwa saa, na kwa kweli linakula pungufu, kwa sababu likishapata presha linazima na kuwaka lenyewe. Kwa bei ya T1, sufuria ya maharage haifiki 400. Hata hivyo, hapa lazima uangalie uko kundi gani. Aliye T1 apikie maharage umeme bila wasiwasi. Aliye D1 mwenye friji na feni, ambaye yuko uniti 70, jiko hili likimvusha 75 mara kwa mara litamharibia nafuu yote ya mwezi. Huyo abaki na gesi. Aliye D1 asiye na friji ana nafasi ya kutosha.

Maji

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa 100, uniti moja umeilipia 5,000; kwa 200, umeilipia 10,000. Weka namba hiyo karibu na bei ya uniti iliyo kwenye bili ya jirani ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Kama bomba limefika mtaani kwenu, kuunganishwa kunaweza kuwa ndiyo uwekezaji wenye faida kuliko yote kwenye mwongozo huu. Mkiwa wapangaji, mchango wa wote kwa simtanki moja unawaokoa na madumu ya dharura siku maji yanapokatika.

Mwenye mita apime uvujaji: usiku funga mabomba yote, andika namba za mita, asubuhi zisome kabla ya yeyote kufungua. Zikisogea, kuna mahali maji yanatoka, na mara nyingi ni tenki la choo. Bili ikija, linganisha usomaji wake na mita yako kabla ya kulipa. Ukiona tofauti, piga picha ya mita uende nayo ofisini.

Masika na vuli tumia bati lako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, ni kama lita 400, madumu 20. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Hayo mengine ni ya kufulia, chooni na kudekia.

Simu, king'amuzi, nauli

Haya nayapitia haraka. Linganisha bando la siku mara 30 na la mwezi kwenye mtandao wako, kisha zima upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe kwenye WhatsApp, ndio unaokula data ya watu wengi. Hela ya kutoa kwa wakala itoe mara chache kwa kiasi kikubwa kidogo, na panapowezekana lipa moja kwa moja kwa simu. King'amuzi lipia mwezi ambao una cha kuangalia, na ukikosa hela tazama chaneli za bure za nyumbani kwa antena.

Kwa nauli, kitu kimoja tu: boda ya kutoka kituoni hadi nyumbani. Katika nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zilizoanza kutumika Desemba 2023, daladala ya ruti isiyozidi kilomita 10 iliwekwa 600. Wengi wanalipa boda ya kona moja zaidi ya hiyo, asubuhi na jioni. Usiku panda, usalama wako ni muhimu kuliko akiba. Mchana tembea. Na ukiweza, beba chakula cha mchana kwenye kontena walau siku tatu za wiki.

Michango

Hakuna bajeti ya Dar inayosimama bila kuzungumzia michango. Harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, maulidi, arobaini, na sare zake. Hatuwezi kuishi bila kuchangiana. Mtu asiyeonekana kwenye shida za wenzake atakaa peke yake kwenye yake. Lakini mchango unaotolewa kwa kukopa unaumiza watoto wako kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja.

Tenga fungu la michango kila mwezi, kiasi ambacho nyumba imekubaliana. Katika fungu hilo, msiba na ugonjwa vinatangulia siku zote. Kisha ndugu wa karibu, kisha majirani na wa kazini, mwisho kadi za watu usiowajua vizuri waliokuweka kwenye kundi la WhatsApp. Kadi ikifika jibu mapema, utaje kiasi unachokiweza na tarehe, usisubiri kamati ikupigie mara tano. "Nimepokea, nawapongeza sana. Nitaleta 20,000 tarehe 5." Hiyo inaheshimika kuliko ahadi ya 100,000 isiyofika. Kwa sare, uliza bila aibu kama unaweza kuvaa kitenge ulichonacho cha rangi inayofanana. Na pale ambapo hela haipo, toa mikono: kupika, kupokea wageni, kubeba viti. Familia nyingi zinakumbuka aliyelala msibani kuliko aliyetuma hela.

Kodi ya pango

Kabla ya kuhama ili kupata chumba cha bei nafuu, hesabu gharama ya kuhama yenyewe: dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, kuna gari la mizigo, na kodi mpya inatakiwa kwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Chumba cha nafuu ya 20,000 kwa mwezi kinaweza kuchukua karibu mwaka kurudisha gharama hizo, na kama kimekusogeza mbali na kazi, nauli inaila nafuu yote. Mara nyingi ni bora kumfuata mwenye nyumba mapema, miezi miwili kabla mkataba haujaisha, umuombe asipandishe kwa kuwa unalipa kwa wakati.

Unachookoa ukiweke wapi

Kiondoe siku ileile. Hela iliyobaki kwenye simu ya matumizi itaombwa na mtu, au utaitumia wewe mwenyewe. Weka kwenye laini au akaunti nyingine ambayo haijulikani kwa watu. Ya muda mfupi, kama ya kuhamisha kitu kinachofuata, inatosha kwenye kikoba cha watu unaowafahamu chenye katiba na daftari linalosomwa mbele ya wote. Kwa ya muda mrefu, angalia SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini au UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji ambayo ni ya serikali na ina Mfuko wa Ukwasi, unaokuruhusu kuchukua hela yako bila kusubiri muda mrefu. Akiba ya kwanza kabisa iwe ya ugonjwa na msiba, ili jambo likitokea usirudi kwa kausha damu.

Fungu la pili liwe la shule. Chukua yote yatakayodaiwa Januari, ada kama ipo, michango ya shule, sare, viatu, madaftari, gari la shule, ugawe kwa 12, na ukiweke kiasi hicho kuanzia Februari. Elimu ya msingi na sekondari ya serikali haina ada, lakini sare na daftari havikwepeki. Novemba, kabla Kariakoo haijafurika wazazi, chukua sehemu ya fungu hilo ununue sare na viatu, viatu vizidi namba moja. Shati nunua mawili kwa kila mtoto ili lifuliwe moja lingine likivaliwa, na risiti zote zibane kwenye daftari lilelile lililofungwa uzi, ili mwakani ujue kiasi cha kugawa kwa 12.